Kambi ya Desemba kule Tarime: nyota nne, ya tano ntawaambia imeishia wapi

Watu watatu wameshanipigia kuuliza ile kambi ya kuwakinga mabinti wasikeketwe nlompeleka binti wa kaka yangu Desemba 2024 ikoje, na kila mmoja namweleza upya mpaka vocha inaisha, kwa hiyo naandika mara moja msome wote. Jina la kambi sitaji na kata sitaji, mule ndani kuna mabinti na nje kuna watu wanawatafuta. Mwenye shida ya kweli aende Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, au apige 116, ni bure, ataelekezwa. Mtoto naye ntamwita Binti tu, inatosha.

Kwa msiojua mambo ya huku kwetu, sisi Wakurya tunakata kwa msimu, unaitwa saro, miaka ile inayogawanyika kwa mbili, Desemba shule zikifungwa. Wazee wa mila wa kila koo, ndo hao inchama, wanakaa kikao chao cha siri wakitoka wanasema saro ipo, basi Wairegi wana siku zao, Wanchari zao, Watimbaru zao, Wakira zao. Wavulana na mabinti. Mtoto akitoka kwa ngariba anatembezwa barabarani kafunikwa khanga, mwamvuli juu, watu wanaimba, anatuzwa hela. Msinielewe vibaya, ile ni sherehe kubwa kuliko Krismasi, na mtu akija na kambi yake akajifanya hajui kwamba anashindana na sherehe ameshafeli kabla hajapokea hata mtoto mmoja.

Mi mwenyewe nilikatwa 1994, darasa la sita, na nisiwadanganye, nilicheza. Nilitaka. Wenzangu wote walikuwa wanaenda na anayebaki ataitwa msagane, yani asiyekatwa, mpaka mvi zitoke, nani anataka hilo jina? Mama alininunulia khanga mpya mbili. Maumivu nilikuja kuyajua lakini ile fahari ilikuwepo, hata leo naikumbuka, na wale wanaokuja kutuhubiria wanafikiri sote tuliburutwa tunalia wanakosea sana, wengine tulienda tunakimbia.

Kilichonigeuza si semina. Nilihamia Mwanza kuuza mitumba nikapanga Igoma, nyumba moja na wamama wa Kisukuma, na Wasukuma hawakati wanawake. Siku hiyo tunafua uani, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa bila dharau, ivi wenzetu mnakata nini haswa, na kwa nini? Nikafungua mdomo nimjibu nikakuta sina jibu. Nilikuwa nimefundishwa asiyekatwa hatulii, hana adabu, haolewi, akiolewa anarudishwa, sasa huyu mama mbele yangu yuko kwenye ndoa miaka kumi na tano, adabu yake inanizidi mimi, na mume wake akirudi anamwita kutoka getini kama bibi harusi wa jana. Nikabaki nimeshika kipande cha sabuni. Mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa kwanza, manesi wakaanza kuitana waje kunitazama kama niko kwenye banda la Nane Nane, hospitali siitaji, na siku ile nilikuwa na hasira mbili, moja ya wale manesi na nyingine ya ngariba. Ya manesi iliisha.

Haya, tuje kwenye kambi.

Novemba Binti alinipigia kwa simu ya mwalimu wake. Ana miaka 13. Akasema "shangazi, wameshanunua khanga". Hakusema kingine na mi sikuuliza kingine, mtu wa kwetu akisikia sentensi hiyo anaelewa kila kitu. Kesho yake alfajiri nikapanda basi, Magu, Lamadi, Bunda, mpaka Tarime, njia nzima najiuliza ntamwambia nini kaka yangu. Sikumwambia kitu. Nilienda kwanza Dawati la Jinsia nikaandikisha, wakanipa dada wa ustawi, tukamchukua Binti shuleni siku ya kufunga akiwa bado na begi la daftari mgongoni. Wifi yangu alipiga simu jioni. Hakupiga kelele, alisema tu "mpe na sweta, usiku kuna baridi". Hiyo sentensi ntairudia baadae, ikumbukeni.

Mapokezi ni mazuri, kweli kabisa. Getini kuna mgambo, wanakuandika, simu ya mtoto inabaki ofisini. Hapa wengine wanalalamika lakini mi naona sawa, kuna ndugu wanapiga wanamwambia mtoto bibi anakufa rudi uje umuage, mtoto akifika bibi anakoroga uji na ngariba yuko nyuma ya nyumba. Kwa hiyo simu zibaki. Matroni ni mama wa makamo, Mkurya mwenzetu, anaongea na watoto Kikurya na hilo lilinipa amani maana kuna vituo mtoto wa porini anapokelewa na Kiswahili cha redio mpaka anajiona mshamba.

Kulala hapana, siku mbili za kwanza ni shida. Walikuja mabinti wengi kuliko vitanda, wawili wawili godoro moja, wengine madarasani chini. Maji yanafata foleni, bomba moja kundi lote lile, mabinti wenye hedhi wanahangaika na nlimwambia msimamizi usoni kwamba hii mnaijua kila saro kwa nini hamjaongeza hata simtanki moja. Akasema bajeti. Sawa, bajeti. Chakula ni kizuri, uji asubuhi, ugali wa mtama na muhogo, dagaa, maharage, mchicha, Jumapili wali na nyama. Binti alirudi kanenepa, hiyo hata bibi yake alikubali.

Masomo sasa. Hapa ndo penyewe na ntakaa kidogo, maana nilikaa pale siku nne nikijitolea jikoni na nilikuwa nachungulia kila darasa.

Somo la afya linafundishwa na nesi, dada mzuri, anajua kazi yake, alieleza kutoka damu, pepopunda, makovu yanayokuja kuleta balaa siku ya kujifungua, akataja ule utafiti wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2006 wa wanawake zaidi ya 28,000 nchi sita, Kenya ikiwemo, kwamba aliyekatwa ana hatari zaidi ya kupasuliwa, ya kupoteza damu, na hata mtoto kufa. Watoto walisikiliza. Ila siku ya wazazi alirudia somo lilelile na akatumia muda mrefu kweli kwenye wembe mchafu, wembe mmoja watoto kumi, ukimwi, kutu. Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono, kwa heshima zote, akasema "kwa hiyo mwanangu, tukinunua wembe mpya kila mtoto na wake, tukamleta nesi kama wewe na ganzi, hapo inakuwa sawa?" Ukumbi kimya. Yule dada akakosa la kusema karibia dakika nzima. Na mzee hakuwa anakejeli, alikuwa amesikiliza vizuri kuliko wote. Ukimwambia mtu ubaya uko kwenye wembe ataenda kutafuta wembe mzuri, ndo kilichotokea Kisii kule Kenya, watu walisikia hatari za kiafya kweli wakaitikia, wakaanza kupeleka mabinti kwa manesi na waganga wa zahanati, wanakatwa na glavu. Mi ningelipanga hilo somo upya, lianze na mtoto mwenyewe, kwamba kile kiungo hakina kosa lolote, ndo tuje kwenye damu.

Polisi wa Dawati alikuja na sheria. SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, ukimkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jela miaka 5 mpaka 15 au faini isiyozidi laki tatu au vyote. Akina baba walisikiliza wamekunja mikono. Laki tatu jamani! Hiyo 1998 ilikuwa hela, sahivi huku kwetu mtu anauza ng'ombe mmoja na chenji inabaki. Halafu nikamuuliza je aliyefika 18 akaolewa, akajifungua, mama mkwe akasema hatuna wasagane humu ndani? Maana mke wa binamu yangu ndo kilichomkuta, kachanga ana wiki sita. Afande alikuwa muungwana, akasema hicho kifungu kinalinda walio chini ya 18, huyo mkubwa labda kwa shambulio la kudhuru mwili. Hapo kuna tundu. Mama mmoja wa kutoka Isebania, upande wa Kenya, alikuwepo, akatuambia kwao sheria ya 2011 haiangalii umri, na imeenda mbali zaidi, kumtukana mwanamke kwa sababu hajakatwa ni kosa, miezi sita au elfu hamsini za Kenya. Mabinti walishangilia hapo kuliko pale pa miaka 15 jela. Mkitaka kujua mtoto wa miaka 13 anaogopa nini, haogopi wembe, anaogopa matusi ya kisimani.

Na mpaka nao ni kichekesho, maana Kenya wakibana watu wanavuka kuja kwetu, sisi tukibana tunavuka kwenda kwao, koo ni zilezile tu. Mawaziri walikaa Mombasa 2019, sisi, Kenya, Uganda, Ethiopia na Somalia, wakakubaliana kushirikiana. Sirari boda boda bado wanajua njia za panya zote.

Aliyenikosha ni ngariba mstaafu. Walimleta mchana mmoja, mama mtu mzima, kavaa vizuri, mabinti wakajikunyata wote kama vifaranga wameona mwewe. Nlidhani atalia, atatubu, atashika Biblia, si mnajua zile shuhuda. Hakulia. Alisema kazi aliirithi kwa mama yake, ilimpa heshima na hela, na wazee nao walikuwa na fungu lao kila mtoto. Shirika moja lilimpa mtaji wa kuuza vitenge aache, akaacha saro moja, iliyofuata akarudi. Mwezeshaji alijaribu kumkatisha, mama akamwambia acha nimalize. "Mimi sijawahi kugonga mlango wa mtu nikasema nipe mtoto. Walikuwa wanakuja wao, usiku, wanasema usipomkata wewe tunampeleka kwa fulani." Akasema ameacha kweli pale waliokuja walipopungua mpaka saro nzima akapata watoto wa kuhesabu, akaona kumbe kazi inakufa na yeye ni wa mwisho kujua. Nawapa kambi nyota kamili kwa kumwacha aseme vile. Huku kila mwaka tunapigwa picha ngariba anakabidhi kisu kwa mkuu wa wilaya, makofi, na kisu kingine kiko nyumbani. Anayekata ni fundi. Mwenye kuagiza ni sisi.

Na sasa Jumamosi ya wazazi yenyewe, ndo iliyofanya niandike haya yote.

Kaka yangu alikuja. Sikutegemea. Nilimpigia mara ya kwanza akakata, ya pili akanitukana vizuri tu kama kaka mkubwa, ya tatu akasema "mimi sina shida na mtoto, shida yangu ni watu". Na wifi yangu nae, kumbukeni sweta. Nikaanza kuunganisha. Huyu hana shida na mtoto ana shida na watu, huyu anatuma sweta, bibi yao ukimkuta peke yake anakwambia mambo ya zamani yale yana mateso mwanangu, lakini ukiwaweka sebuleni wote watatu wanasema lazima mtoto aende. Kila mmoja anamlinda mwenzake asiaibike. Hao watu ni akina nani basi?

Mwezeshaji, kijana wa Kikurya kasoma kasoma ila hana majivuno, alianza na takwimu ubaoni. Nchi nzima 1996 wanawake 18 katika 100, utafiti wa 2015-16 wakawa 10, wa 2022 wakawa 8. Mara peke yetu, kati ya hizo tafiti mbili za mwisho, 32 wakashuka 28. Wazee wakanung'unika, ya kwenu hiyo ya serikali, watu huwa hawasemi ukweli kwa mtu mwenye karatasi. Na kweli, sehemu nyingine sheria imewafundisha watu kukata vitoto vichanga kimyakimya, Singida na Manyara huko, mtoto hajui hata ana nini mpaka aolewe. Kuna kule wanaita lawalawa, Wagogo na Wanyaturu, mtoto anawashwa sehemu za siri, ni maambukizi tu ya kawaida dawa zipo, wanasema dawa ni kukata.

Basi yule kijana akafuta ubao. Akapitisha bakuli mbili, akasema kila mzazi achukue punje moja ya mahindi na moja ya harage. Kule nyuma ya pazia kuna ndoo. Ukitaka binti yako akatwe saro hii, weka harage. Usipotaka, weka mahindi. Ile nyingine ondoka nayo, mtu asiione. Wazee walicheka wakasema hii ni michezo ya chekechea, lakini Mkurya na kura ya siri hawaachani, wakaenda mmoja mmoja, na mafimbo yao.

Ndoo ikamwagwa mezani mbele ya watu wote, wakahesabu mabinti wawili. Mahindi yalizidi maharage karibia mara mbili.

Jamani ule ukimya. Si wa nesi na wembe, huu mwingine. Watu wanatazamana kama walioibiwa. Yani mnataka kuniambia tumekaa miaka yote hii kila mtu anampeleka mtoto kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake nae anampeleka kwa ajili yako? Kijana akauliza nani kaweka mahindi, anyooshe mkono. Hakuna mtu! Hata mmoja. Mahindi yako mezani na hayana wenyewe. Halafu akainuka mzee mmoja, wa rika moja na baba yetu marehemu, mtu mwenye ng'ombe wengi na neno lake haliruki mto, akasema mimi nimeweka mahindi, na wanangu watatu wa mwisho sijawakata, wawili wameolewa, ng'ombe nimepokea kama kawaida, na mmoja kaolewa hapa hapa kwa mtu aliyekaa humu ndani, asimame mwenyewe. Akasimama! Mkwewe. Alikuwa amejificha nyuma ya nguzo.

Hapo ndo kijana akatupa ile hadithi ya Malicounda Bambara, kijiji cha Senegal, kwamba 1997 wamama walitangaza hadharani wameacha, lakini kuna imamu mtu mzima akawaambia kijiji kimoja hakitoshi, mnaoana na vijiji vya jirani, msipokubaliana na mnaooana nao mnawafukuzisha mabinti wenu. Akazunguka mwenyewe kijiji kwa kijiji kwa ndugu zake. Na mimi hapo nikaelewa kwa nini mie niliacha Igoma na kaka yangu hakuweza kuacha kijijini. Siyo kwamba nilikuwa na akili kumzidi. Nilikuwa nimezungukwa na watu wasiokata, kuacha kwangu hakukunigharimu hata sahani ya wali, yeye ilikuwa imgharimu koo nzima.

Wenzetu Wamasai nao ni vivyo, yule Nice Leng'ete wa Kenya alikimbia kukatwa akiwa mdogo, babu yake ndo akasema mwacheni, halafu akakaa miaka na wazee na morani akiongea nao taratibu mpaka wakamkubali. Alianza na mtu mmoja mwenye sauti ndani ya boma. Sasa kambi nyingi zinaanza na mtoto, mtoto hana sauti, anapata cheti.

Cheti chenyewe kizuri lakini. Mahafali yalikuwa ya haja, naomba nisiwanyime. Mabinti wote khanga mpya sare, nyimbo za Kikurya zilezile maneno yamebadilishwa, mwamvuli juu, wanatembezwa kutoka madarasani mpaka uwanjani na wazazi wanatuza hela. Kuna wamama walilia. Mtu aliyebuni kwamba mwamvuli ubaki ana akili sana, apewe kiwanja. Binti alipata elfu kumi na nane na mia tano, na mia tano hiyo ni ya bibi yake, aliituma kwa kaka.

Sasa nyota iliyopungua.

Kwanza siku ya wazazi iko mwishoni mwa kambi, Januari karibu, saro imeshachezwa. Wale wazee waliohesabu mahindi walihesabu baada ya wengine wa koo zao kukatwa tayari. Hiyo siku ingekuwa Septemba, Oktoba, kabla inchama hawajakaa, tena vijijini kwao na si ukumbini kwa wageni. Niliwaandikia kwenye daftari la maoni, kalamu haikuwa inaandika vizuri nikarudia juu.

Pili hakuna wavulana. Mabinti mia mbili na ushee wanafundishwa kukataa halafu wanarudi kwa wavulana ambao wiki hiyohiyo walikuwa jandoni wanaambiwa msagane si mwanamke. Nani atawaoa? Leteni vijana nao, hata siku mbili.

Tatu na ndo kubwa, wakishakurudisha nyumbani mmeachana. Wanamleta na gari mpaka mlangoni, wazazi wanasaini karatasi kwa mtendaji wa kijiji kwamba hatutamkata, picha, kwaheri. Waliokataa kusaini watoto wao wanabaki kituoni, hilo sawa, ila kwa waliosaini hakuna aliyerudi kuangalia. Februari wasichana wawili walimmwagia Binti ndoo kisimani wakamwambia maji ya msagane hayapikiwi. Nikapiga ile namba iliyoko nyuma ya cheti, inaita tu. Wiki nzima inaita. Ikabidi kaka yangu mwenyewe, yuleyule wa shida yangu ni watu, aende kwa baba za wale wasichana. Sijui alisema nini. Nimemuuliza anasema mambo ya wanaume.

Kituo cha Masanga kule Tarime na nyumba salama ya Mugumu ya kina Rhobi Samwelly watu wanazijua nchi nzima, mi sijakaa huko sitazipima, naongelea hii tu niliyoiona kwa macho yangu.

Siku ya mahafali tukitoka, kaka yangu alitafuta hela ya boda mfukoni, akatoa shilingi, kipande cha tumbaku, na punje moja ya harage. Akaitazama. Akanitazama mimi. Nikajifanya naangalia pikipiki, na yeye akairudisha mfukoni, hatujaliongelea mpaka leo.

Mnaotaka kupeleka watoto saro ya Desemba 2026, wanaanza kupokea shule zikifungwa, mi ningeenda wiki moja kabla nikaonane na matroni ana kwa ana. Mbebesheni ndoo yake yenye mfuniko na jina, kufuli ndogo ya begi, pedi za kutosha mwezi mzima, ndala mbili maana moja itaibiwa, na sweta. Kitanda cha chini kinapatikana ukifika kabla ya saa nne asubuhi. Binti anasema upande wa dirishani kuna mbu, achukue wa ukutani.